Maharage Yaliyoomba Kulala

Usiku wa jana niliota niko jikoni kwenye hospitali yetu ya wilaya, na gunia la maharage linanidai kitambulisho.

"Huna kitambulisho, hutusemei," likasema.

Nikalionyesha. Mimi ni afisa lishe, nimehitimu Julai tu. Leo saa tatu nina kikao: naiomba hospitali iache kutia magadi kwenye maharage ya wagonjwa, iyaloweke tangu jioni. Magadi yanaivisha haraka, lakini yanaua vitamini, na Bibi Kabula wa wodi namba nne anasema maharage yetu yana ladha ya sabuni. Anakula vijiko vitatu, anafunika sahani. Matroni alishanionya: mpishi mkuu akikataa, hakuna kitakachobadilika. Mpishi mkuu ni Mama Nyamizi. Wiki ya tatu hii ananicheka.

Gunia likasoma kitambulisho changu mbele na nyuma, likaniruhusu kupita.

Ukutani pamebandikwa tangazo: KILA MLO UWE NA MAKUNDI YOTE YA VYAKULA. Basi makundi yanaingia, kila moja na mwenyekiti wake. Mboga za majani wamevaa sare ya kitenge. Matunda wanafika mwisho, wanashangaa kuta.

"Samahani," papai likaninong'oneza. "Ndiyo mara yetu ya kwanza kufika hapa. Tunakaa wapi?"

Nikatafuta viti. Nilipogeuka, jiko lilikuwa wodi namba nne. Vitandani yamelala maharage, mawili mawili, yamejifunika blanketi mpaka kidevuni. Mama Nyamizi anapita kitanda kwa kitanda, upawa shingoni, kopo la magadi mkononi.

"Mama, shikamoo. Yaache yalale."

"Marahaba. Yalale, kwani yametoka kulima? Nina wagonjwa mia mbili na kuni mbichi. Bila magadi, haya yataiva Krismasi."

Haragwe moja likainua kichwa. "Shikamoo, Mama. Tukilala majini usiku mmoja tu, tunaiva bila kusumbua. Magadi yanatuamsha kwa makofi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Na nani atakulazeni majini? Mimi natoka saa tisa alasiri, na gunia linafunguliwa asubuhi, stoo ikifunguliwa."

Papai likanitazama.

Wiki tatu nilikuwa nimemweleza Mama Nyamizi habari za vitamini, kwa michoro ya rangi. Sikuwahi kumwuliza anatoka saa ngapi.

"Nitabaki mimi," nikasema. "Nitaomba stoo itoe maharage mchana. Jioni nitayaloweka mwenyewe, mpaka tupate mtu wa zamu."

"Wewe? Na mikono hiyo ya kalamu?"

"Ndiyo, Mama."

Akacheka, lakini akaweka kopo chini. "Maneno ya vikao nimeyazoea, mwanangu. Niletee haragwe lililolala vizuri, nilibonyeze kwa kidole changu. Likibonyea, nakuunga mkono mbele ya matroni. Likiwa gumu, usinirudie tena na michoro yako."

Maharage yakaangaliana. Kushuka kitandani hakuna lililotaka, maana ndiyo kwanza yalikuwa yamepata joto. Mwishowe lile lililosema likajitoa kwenye blanketi.

"Nitakwenda mimi. Lakini msiniamshe kabla ya saa tatu."

Likapanda mkononi mwangu, likapiga mwayo. Mboga za majani wakaanza vigelegele, na vigelegele vikawa kengele ya simu yangu.

Saa kumi na mbili na nusu. Chumba changu cha kupanga, kitanda, meza, glasi ya maji niliyoiacha mezani. Mimi sipiki, nakula kwa mama ntilie wa pale getini hospitali, na jana nilikula wali na samaki.

Ndani ya glasi, chini kabisa majini, kulikuwa na haragwe moja, limevimba, ngozi imetulia. Nikalibonyeza kidogo kwa ncha ya kidole. Likabonyea.

Nikavaa shati la kikao, nikafunika glasi kwa kisosi, nikaliuliza kama liko tayari twende.

Halikujibu. Lilikuwa bado limelala.