Kitambaa cha Manjano

Haya niliambiwa na Dinah, mke wa Mukhisa, mwaka wa tisini na tatu, tukichambua kunde jikoni kwake Kanduyi. Mvua ilikuwa imetufungia ndani, na Dinah akianza jambo hulimaliza hata kunde zikiisha. Yenyewe yalikuwa yametokea miaka kadhaa nyuma.

Mukhisa alikuwa na kaka mmoja tu, Wakhungu, fundi wa matrekta kule Kitale. Huyo Wakhungu alikuwa na ugonjwa wa ndege. Si hizi za kubeba watu. Ndege ndogo za mbao nyepesi, ukiiweka mezani mabawa yanajaza meza, na injini yake ukubwa wa ngumi inalia kama nyigu aliyechokozwa. Alifundishwa na mwalimu mmoja mzungu kabla huyo hajarudi kwao. Jumapili baada ya kanisa, yeye na wenzake wachache walikuwa wakikutana karibu na uwanja wa ndege wa Kitale na kurusha mpaka jua lichoke.

Ndege ya namna hiyo huongozwa kwa transmita, kisanduku cha kushika kwa mikono miwili, chenye vijiti vya kusukuma na antena ndefu. Ndani ya ndege kuna risiva, na hiyo ndiyo sikio lake. Kila transmita ilikuwa na rangi yake, na mwenyewe alifunga kitambaa cha rangi hiyo kwenye antena. Kabla ya kuwasha, ni lazima upaze sauti: "Nyekundu!" au "Kijani!" Kwa maana wawili wa rangi moja wakiwasha pamoja, ndege inasikia mabwana wawili, na ndege ya mabwana wawili haikawii kuanguka. Rangi ya Wakhungu ilikuwa manjano.

Wakhungu aliondoka kwa homa ya ubongo, mahindi bado mabichi shambani. Wakamzika nyumbani, Kanduyi. Mama yao, Wilkista, akasema ile transmita ameiweka kwa mikono yake ndani ya jeneza, chini ya blanketi. Nani abishane na mama aliyefiwa? Siku ya kunyolewa, siku chache baada ya mazishi, wafiwa wanaponyolewa nywele, vitu vya marehemu vikagawanywa. Mjomba akachukua koti, binamu akachukua baiskeli, Mukhisa, ambaye kaka yake alikuwa amemfundisha kurusha, akapewa ndege. Ndege isiyo na wa kuiita.

Mwaka ulipokaribia kutimia, Wilkista akamwita Mukhisa. "Papa," akamwambia, maana ndivyo alivyowaita wanawe, "siku ya kumbukumbu nataka ile kitu ipite juu ya kaburi. Mara moja tu. Halafu hata ukitaka kuiweka juu ya dari, weka."

Mukhisa akapanda kwenda Kitale kwa Kibiwott, rafiki mkubwa wa marehemu, ambaye alikuwa na transmita mbili za kuuza. Akaziweka zote juu ya boneti ya trekta.

"Hii ni AM, ya zamani," Kibiwott akasema. "Ina kijiwe cha manjano, kile cha ndani kinachoipa rangi yake, itasikilizana na risiva ya Wakhungu vile ilivyo. Lakini AM ni kama mbea, bana. Inaokota kila kitu njiani: posho mill ikisaga unga, mtu anachomelea geti, yote. Hii nyingine ni FM. Masikio yake yametulia, na iko mbali kabisa na hizi rangi zetu. Ila inakuja na risiva yake. Itabidi ung'oe ile ya kaka yako."

"Ning'oe sikio lake?"

"Mimi ningechukua FM."

"Nipe manjano," Mukhisa akasema.

Jumapili hiyo alipopaza sauti "Manjano!" pale uwanjani, watu waliacha walichokuwa wakifanya. Tangu mazishi hakuna aliyekuwa ameiita rangi hiyo. Mzee Gicheru, aliyekuwa akikaza propela, alivua kofia. Lakini ndege iliruka vizuri, ikatii kila neno, na Mukhisa akairudisha Kanduyi akiimba.

Nyumbani ndiko mambo yalipogeuka.

Jioni moja aliiweka nyuma ya nyumba, juu ya nyasi, akawasha risiva. Transmita yenyewe ilikuwa chini, imezimwa, hata antena hajaivuta. Akageuka kutafuta bisibisi. Akasikia nzii, nzii. Akatazama. Mkia wa ndege ulikuwa unageuka wenyewe. Kulia. Kulia. Kushoto. Ukatulia kidogo, kisha tena: kulia, kulia, kushoto.

Dinah alikuwa anaanua nguo. Aliniambia alimwona mumewe amekaa chini kama mtoto aliyesukumwa.

"Ni nini, baba Nanjala?"

"Ni Wakhungu," akajibu. "Hivyo ndivyo alivyokuwa akiijaribu kabla ya kurusha. Kulia, kulia, kushoto. Hakuna mwingine aliyefanya hivyo."

Tangu hapo Mukhisa hakushika chakula sawasawa. Alijua alichopaswa kuogopa. Ndege ile ikianguka mbele ya jamaa, juu ya kaburi, mama yao atakuwa amemzika Wakhungu mara ya pili. Na kama marehemu hataki kitu chake kiguswe, itaanguka tu. Akarudi kwa Kibiwott.

"Si nilikuambia AM ni mbea?" Kibiwott akacheka. "Ni posho mill hiyo."

"Posho mill inajua kulia, kulia, kushoto?"

Kibiwott akaacha kucheka. Akajifuta mikono kwa kitambaa cha grisi, polepole. "Manjano nyingine iko wapi?"

"Iko kaburini. Unajua."

"Uliiona ikiingia?"

Mukhisa akashika njia ya kurudi Kanduyi.

Jioni iliyofuata aliweka ndege palepale na kungoja. Mkia ulipoanza, aliiacha, akazunguka zizi, akapita migomba, mpaka karibu na kaburi. Mama yake alikuwa ameketi kwenye kigoda, miguu imenyooshwa. Transmita ilikuwa mapajani, antena imevutwa yote, kitambaa cha manjano kinapepea kwenye ncha. Kidole gumba chake kilichopinda kwa jembe kilikuwa kinasukuma kijiti.

"Mayi," Mukhisa akasema.

Hakushtuka. "Ningewaachia wampatie mjomba wako? Mtu ambaye hata saa ya ukutani ilimshinda?" Akasukuma tena. "Yeye alinionyesha. Ati hivi ndivyo unabisha hodi, ndege ijue ni wewe. Sasa kila jioni nambishia hodi. Mtoto asiyeitwa hupotea."

Mukhisa akaelewa kwa nini redio ya nyumbani ilikuwa imenyamaza miezi yote hiyo. Betri zake ndizo zilizokuwa zikifanya kazi hapa.

"Na anaitika?"

"Si kazi yangu kujua. Kazi yangu ni kuita."

Kibiwott alipoambiwa, alisema jambo ni rahisi, atoe betri za transmita ya mama basi. Mukhisa akakataa. Akamrudishia AM, akachukua FM. Akang'oa risiva ya kaka yake, akaifunga kwenye kitambaa na kuiweka chini ya mto wake. Sasa mama angeita rangi ya manjano mpaka achoke, ndege isingesikia, na hakuna kingeanguka.

Siku ya kumbukumbu watu walijaa. Redio ilikuwa ikiimba nyimbo za kanisa jikoni tangu asubuhi, na katika pilikapilika zile Mukhisa hakuitilia maanani. Wilkista aliketi kwenye kigoda chake karibu na kaburi, kisanduku mapajani. Mjomba akakitazama, akakohoa.

Ndege ikapanda. Ikapita juu ya migomba, watoto wakapiga kelele, ikapita juu ya kaburi chini kabisa, na Wilkista akainua uso. Basi ingetosha. Lakini Mukhisa alipotaka kuizungusha irudi, injini ikakohoa, ndege ikazama kuelekea mikaratusi. Mikono ya Mukhisa ikakauka. "Aliniapia," Dinah akasema, "aliapa mbele ya kila mtu kwamba kidole chake hakikusogea."

Mkia ukageuka. Kulia. Kulia. Kushoto. Ndege ikapenya kati ya miti miwili kama mtu anayeijua njia ya kwao, ikatua kwenye nyasi, ikasimama.

Watu wakapiga makofi. Kibiwott hakupiga. Alimwendea Mukhisa na kumnong'oneza, "FM haiwezi kusikia ile ya mama. Haiwezi, bana."

Jioni, wageni walipoondoka, Mukhisa akainama mbele ya mama yake. "Mayi, ile kona ya mikaratusi. Ulimwita?"

"Nilishika tu." Wilkista akakigeuza kisanduku na kufungua kifuniko cha nyuma. Ndani mlikuwa mtupu. "Betri nilirudisha kwa redio asubuhi. Nilisema leo nisikusumbue, leo ni zamu yako."

Akamkabidhi kisanduku, akaingia ndani, na muda si muda wakasikia akikoroma. Dinah akalala na mtoto wake. Mukhisa alikaa kitandani, mkono chini ya mto, juu ya ile risiva isiyo na waya wala betri, akisikiliza kama kuna kitu kinageuka. Kisha naye usingizi ukamchukua.