Kitalu Chini ya Balbu Nne

Miezi saba ilikuwa imepita tangu Donatien aingie katika kile chumba cha kupanga mtaani Rwambuzi, na katika miezi hiyo hakuvuka kizingiti ila kwenda msalani. Hakuwa mgonjwa wa mwili. Miguu yake ilikuwa mizima, na mikono yake, iliyootesha kabichi za nusu ya watu wa Fataki, ilikuwa bado na sugu zake. Ila alikuwa ameugeukia ukuta. Émilienne mkewe alimwekea chakula, akala tonge mbili. Alimsemesha, akaitikia kwa koo. Chumba chenyewe nacho hakikumsaidia mtu kuchangamka: kilikuwa cha nyuma, dirisha lake limezibwa na ukuta wa jirani, na hata adhuhuri, ukitaka kuchambua mchele, ilikubidi uwashe taa.

Émilienne alijua kilichomvunja mumewe, au alidhani anajua. Walipokimbia vita huko Fataki, Josaphat, mdogo wake Donatien, alikuwa nao njiani pamoja na mke wake, Bernadette. Siku ya pili ya safari Josaphat alirudi nyuma kuangalia pepinyeri, kitalu cha miche ambacho ndugu hao wawili walikilea pamoja tangu ujana. Hakuonekana tena. Baada ya wiki mbili watu waliotoka huko walileta habari kwamba wamemzika. Siku hiyo Donatien alisema, "Udongo, sitaushika tena," akalala.

Mwenye nyumba yao alikuwa Vahwere, mama aliyehamia kutoka Butembo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na umeme karibu na soko. Alikuwa na mdomo mkali na mkono mwepesi wa kutoa, na alikuwa amempa Émilienne kazi ya kufagia duka na kupanga bidhaa. Ndani mle mlikuwa na giza, maana mabati yaliyorundikwa mlangoni yalizuia mwanga wote wa nje. Kitu kilichoangaza ni ubao mmoja ukutani, wenye balbu kumi na mbili za LED zilizowaka kutwa ili mteja ajionee kwamba ni nzima.

Asubuhi moja, akipangusa rafu iliyo chini ya ubao huo, Émilienne alikuta mche. Mtu alikuwa ametupa kipande cha nyanya ndani ya mkebe wa rangi uliojaa udongo, na mbegu moja ilikuwa imeota. Mche haukuzidi urefu wa kidole, lakini ulikuwa wa kijani kibichi, shina nene, majani yamekunjuka vizuri.

"Mama Vahwere, kuya uone," aliita. "Hapa jua haifikaka. Hii kitu inaishi na nini?"

Vahwere alikuja, akauchungulia mche, kisha akainua macho kwenye balbu. "Na hizi ampoule. Iko nini ingine hapa?"

"Hizi za nyumba? Za kawaida?"

"Za kawaida kabisa. Jani halijue kama ni jua ao ni Vahwere." Akacheka mwenyewe.

Émilienne hakucheka. Kutwa nzima alikuwa akiupitia ule mche, na jioni aliomba balbu moja. Vahwere alimpa bila kuuliza. Njiani Émilienne alinunua pakiti ya mbegu za kabichi, akachota udongo mweusi kando ya mfereji, akatafuta kreti ya mbao. Kama ungemuuliza anataka nini asingekujibu vizuri. Labda alitaka tu chumba kinuke udongo uliolowa, ili pua ya mumewe ikumbuke kitu.

Alifunga balbu mahali pa taa ya siku zote, darini, akaweka kreti sakafuni chini yake. Siku ya nne mbegu zikatoboa. Donatien aliona, akavuta blanketi hadi masikioni. Émilienne akawa anaamka na furaha ndogo kifuani, anawasha taa, anainama kutazama. Lakini furaha haikudumu. Vile vimche vilirefuka haraka kupita kiasi, vyembamba kama uzi, vyeupe, kisha vikaanza kulala kimoja baada ya kingine. Huko Fataki yeye alikuwa muuzaji. Kitalu aliwaachia wanaume. Akadhani vina kiu, akamwaga maji. Vikazidi kulala.

Siku ya tisa alikuwa amepiga magoti na kikombe mkononi aliposikia sauti nyuma yake.

"Unaziua."

Nusura kikombe kimponyoke. Donatien alikuwa bado amelala, lakini uso wake haukuwa ukutani.

"Basi sema vile nifanye," alimjibu. Donatien akaitazama dari. Émilienne alidhani amekwisha kumpoteza tena. Ndipo Donatien akasema, "Teremusha ile taa."

"Itazichoma."

"Iguse."

Émilienne alipanda juu ya ndoo, akaigusa balbu kwa ncha ya kidole, akitarajia ule moto wa balbu za zamani. Ilikuwa na vuguvugu tu, kama kikombe cha chai kilichosahauliwa mezani. Aliposhuka, mumewe alikuwa ameketi. Polepole, kama mtu anayeshuka ngazi asiyoiamini, Donatien alitoka kitandani, akachuchumaa mbele ya kreti, akashika kimche kimoja kati ya vidole viwili.

"Unaona? Iko inatafuta," alisema. "Hata kule kwetu, kama tuliweka majani mingi sana juu ya pepinyeri, zilifanyaka hivi. Mwangaza iko mbali, zinarefuka kuifuata, nguvu inaishia mu njia. Hizi zimekwisha. Tuanze zingine."

Alisema *tuanze*. Émilienne aliinama akajifanya anafuta sakafu ili mumewe asimwone macho.

Kesho yake alimweleza Vahwere habari yote, akaomba balbu nyingine tatu. Katika boksi moja kulikuwa na balbu zilizovunjika vifuniko, ambazo hakuna mteja angezichukua, na mwanga wake ulionekana mkali zaidi. Émilienne akazinyooshea mkono. Vahwere akamzuia, akamwonyesha sehemu za umeme zilizobaki wazi.

"Hizo hapana, mama. Mayi na courant haviko ndugu. Kamata nzima, nyeupe, za nguvu sawasawa. Na ukimwangilia, kwanza uzime."

Donatien alitengeneza fremu na kreti ya pili kwa mbao za kitanda kibovu. Alizitundika balbu nne kwa kamba ili ziweze kupandishwa na kushushwa, akapima kwa mkono wake: shubiri moja kutoka balbu hadi jani, si zaidi. Pembeni alizungushia magunia meupe ya unga ili mwanga usipotee bure. Balbu ziliwaka tangu Émilienne alipoamka hadi walipomaliza kula chakula cha jioni, kisha Donatien alizizima mwenyewe. "Nazo zilale," alisema. Kila miche ilipopanda kidogo, naye alizipandisha balbu kidogo. Safari hii mashina yalikuja mafupi na manene, majani yakatanuka, na yule mtu wa tonge mbili akaanza kuuliza kama kuna maharagwe yaliyobaki.

Wiki ya tatu walikaa pamoja wakipunguza miche iliyosongamana. Émilienne alikuwa karibu kuimba. Donatien akasema, bila kuinua kichwa:

"Mama Vanessa." Vanessa alikuwa binti yao, aliyeolewa Niania. "Josaphat hakurudi kwa kupenda yake. Ni miye nilimutuma."

Mikono ya Émilienne ikasimama.

"Nilimuambia miche iko tayari, na kopo ya mbegu ilibakia. Hakutaka kuenda. Nilimukazia. Nilimuambia: weye ni kijana, unajua kukimbia."

Émilienne aliinuka akatoka nje, akakaa kwenye jiwe la kufulia. Josaphat ndiye aliyembebea mizigo siku ya harusi yake, Josaphat ndiye aliyemchekesha kila msiba. Miezi saba alikuwa amemlilia pamoja na mumewe, akimkanda mgongo, akimhurumia, na muda wote huo jambo hili lilikuwa limelala kati yao kitandani. Siku ile hakumsemesha. Alipika, akaweka sahani, akanyamaza. Ilikuwa zamu yake.

Asubuhi, akifunga kitambaa kichwani, aliuliza, "Bernadette anajua?"

"Hapana."

"Basi haujasema bado. Utamuambia yee."

Bernadette alikuwa na watoto wake pembezoni mwa mji, karibu na kambi ya wakimbizi waliotoka Djugu kama wao, ambako kanisa lilimwazima kipande cha shamba. Miezi yote hiyo Donatien hakuwa amekwenda kumwona. Aliposikia maneno ya mkewe aliitazama miche, na Émilienne aliogopa kwamba ataugeukia ukuta tena. Hakuugeukia. Alizima balbu, akaanza kumwagilia.

Siku mbili baadaye umeme ukakatika. Vahwere alipita kuwaambia wapangaji kwamba waya umeanguka mahali fulani, na matengenezo yatachukua siku tatu, pengine wiki.

"Mu giza zitaharibika," alisema Donatien. "Lazima zitoke inje."

"Na mbuzi?" aliuliza Émilienne. Ua ule ulikuwa na mbuzi wawili wa mpangaji mwenzao, Sandrine, wasiobagua hata nguo kwenye kamba.

"Mutu akae karibu yao."

Walitazamana. "Miye naenda kazi," alisema Émilienne, akatoka, na njia nzima moyo ulimdunda kama wa mtu aliyeacha mtoto karibu na moto.

Saa sita mchana alirudi kuchungulia. Donatien alikuwa katikati ya ua, ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, fimbo mkononi, amefinya macho kwa sababu ya jua. Kreti mbili zilikuwa mbele yake, zimefunikwa nusu kwa kitenge. Sandrine alikuwa ameacha kufua, anamsikiliza.

"Jani ya mu nyumba haijue jua, haijue upepo," Donatien alikuwa akieleza. "Leo saa moja, kesho mbili. Ukiiacha inje siku nzima mara moja, inaungua."

Sandrine alimwona Émilienne. "Mama, kumbe uko na bwana! Siye tulizani uko mujane mwenye kuongea peke yake."

Émilienne alicheka hadi akashika ukuta. Donatien naye akatabasamu, kidogo, upande mmoja wa mdomo.

Umeme ulirudi siku ya tano. Miche haikuuhitaji tena; ilikuwa imezoea nje, imekaza. Donatien alipanda mbegu mpya chini ya balbu, na asubuhi iliyofuata alivaa shati lake la kanisani. "Tuende kwa Bernadette," alisema.

Walikwenda kwa miguu, kila mmoja na kreti kichwani. Bernadette alikuwa shambani, anapiga matuta. Aliwaona kwa mbali, akaendelea kulima. Hata walipofika alimaliza kwanza tuta lake, ndipo akaegemea jembe.

"Shemeki," alisema. "Miezi munane."

Donatien alitua kreti. Alisema yote akiwa amesimama: mbegu, kopo, jinsi Josaphat alivyokataa, jinsi alivyomkazia. Hakujitetea. Émilienne alitazama chini.

"Nilijua," alisema Bernadette. "Aliniambia ile asubuhi. Alisema: kaka ananituma, na nikikataa ataenda yeye mwenyewe, na yee hajue kukimbia." Akafuta jasho kwa mgongo wa kiganja. "Ile sikukukasirikia. Nilikukasirikia sababu haukukuya kutuona. Watoto wake walikuwa wanauliza, baba mukubwa iko wapi? Niwajibu nini?"

Donatien akaanza kupiga magoti mbele yake.

"Usipige magoti hapo," alisema Bernadette. "Unakanyaga tuta yangu."

Donatien akasogea. Bernadette aliinama juu ya kreti, akageuza jani moja, akalitazama upande wa chini, kama Josaphat alivyokuwa akifanya. Upande wa milima mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya.

"Bado niko na kasirani," alisema. "Lakini mvula haitangoja iishe. Kamata ile tuta ya kule."

Walipanda hadi karibu saa tisa, watatu, bila maneno mengi. Donatien alitaka nafasi ya unyayo mmoja kati ya mche na mche. Bernadette alisema udongo wa pale hauna nguvu, unyayo mmoja na nusu. Donatien alisema amefanya kazi hii miaka thelathini. Bernadette alisema shamba ni lake. Donatien akang'oa mche wake, taratibu, asivunje mizizi, akausogeza.