Lumbesa ya Hewa

Jumatatu saa mbili asubuhi, Mwamvua alisimama ukingoni mwa shamba la michungwa la Bwana Hisham, nje kidogo ya Muheza, akapanua mdomo wa gunia na kukinga hewa. Vibarua walikuwa wakipuliza dawa. Hewa iliingia vizuri, kijani kwa mbali. Gunia lilipojaa, ikaendelea kupanda, ikabidi aishonee wavu juu.

Mumewe, Uweso, ni mwadhini. Tangu msimu wa kupuliza uanze, adhana haimaliziki. Akifika katikati kikohozi kinamkaba, na waumini wenye adabu humalizia kimoyomoyo. Alipokwenda kushtaki, ofisi ya mazingira Tanga mjini walimwambia Mwamvua kwamba hewa isiyopimwa haina kesi. Alete gunia moja.

Wanaume wanne walilipakia kwenye Fuso ya machungwa, wakalalamikia viuno. Kwenye kizuizi cha mazao, afisa mmoja, Castory, alilizunguka mara mbili.

"Shikamoo, mama. Hii lumbesa."

"Marahaba. Ni hewa, mwanangu."

"Ya wapi?"

"Ya shambani."

"Basi ni zao la shamba. Mwisho kilo mia."

Mizani ilisema mia na ishirini. Hakuna aliyeona ajabu. Ajabu ingekuwa kumpita Castory na lumbesa. Alikata wavu, akapunguza ya juu, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo iliyokuwa ikiwasha macho, akaitia kwenye kiroba na kukifunga kwa kamba.

"Hii mali yako, mama. Usije ukaimwaga barabarani ukatuua."

Mjini gunia lilipimwa, likakutwa na kilo mia kamili. Wakaandika cheti: hewa haikuzidi kipimo kinachoruhusiwa. Nakala ilipelekwa kwa Bwana Hisham, naye, kwa kuwa kusoma anajua, aliitundika getini na kuongeza vibarua wawili wa kupuliza. Inaudhi, lakini muhuri ulikuwa halali.

Mwamvua alirudi nyumbani na kiroba kichwani. Alikosa pa kukiweka: jikoni kuna moto, uani kuna kuku. Akakiingiza chumbani. Uweso alikuwa kitandani, ameegemea ukuta, mkono kifuani.

"Wamesemaje?"

"Wamesema hewa haina neno, mume wangu. Mbaya ni hii iliyozidi tu, na hii ni yetu."

Uweso alikohoa, akakitazama kiroba, kisha akajisogeza ukutani ili kipate nafasi kitandani.