Utani wa Mwalimu Vitalis

Nasma aliamka na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya haki. Mwalimu Vitalis wa kidato cha pili alikuwa ametunga igizo la Siku ya Utamaduni. Humo ndani Mzaramo analala mkekani mpaka saa sita mchana, akiamka anauza nyumba ya marehemu baba yake apate kucheza ngoma. Mnunuzi ni Mchaga mwenye mizani ya wizi, anayempunja hata mama yake mzazi. Mzaramo ni Nasma. Mchaga ni Tarsis, ambaye wazazi wake wana duka la jumla Kariakoo.

Wiki nzima ya mazoezi darasa lilivunjika mbavu. Nasma naye, tuseme ukweli, alicheka kila Tarsis alipoichezea mizani. Kicheko kilimkauka juzi, Bibi Sitara aliposema atakuja kutazama. Bibi huyo kila siku yuko jikoni na vitumbua vyake kabla ya adhana ya alfajiri, na nyumba yake ya Ilala amekataa kuwauzia matajiri mara nne. Leo ameketi safu ya mbele na kanga mpya, anangoja mjukuu wake apande jukwaani kumtukana.

Nasma alimfuata mwalimu nyuma ya pazia.

"Mwalimu, naomba nisiseme ile ya kuuza nyumba. Bibi yangu yupo."

"Na wewe nawe. Huo si utani tu? Tunafundishana kuvumiliana hapa. Ukigoma, ukiranja unavua leo leo."

Basi akapanda, akajilaza mkekani, watu wakacheka. Ilipofika zamu ya kuuza nyumba, akamtazama Tarsis. Alikuwa amesimama na mizani yake ya maboksi, macho chini. Kumbe wiki nzima hakucheka hata mara moja, na Nasma hakuwahi kumtazama usoni. Nasma akajichukia.

"Siuzi," alisema. "Nyumba ya bibi yangu haiuzwi. Na Tarsis si mwizi."

Tarsis akaitupa mizani chini. Mwalimu Vitalis akatoka haraka, kicheko cha kulazimisha mdomoni, akamwendea Bibi Sitara.

"Shikamoo, bibi. Watoto wa siku hizi hawajui utani. Mimi Msukuma, mtani wenu kabisa."

"Marahaba. Kweli, Msukuma ni mtani wangu. Mume wangu alipofariki mwezi wa tatu, nyumba ya tatu kutoka geti lenu hili, watani walikuja. Mmoja aliingia kaburini akagoma kutoka mpaka apewe soda, tukacheka huku tunalia. Kisha wakatusaidia kuzika, wakaosha na masufuria. Wewe sikukuona."

Bibi akamgeukia Tarsis jukwaani.

"Na huyu mtoto wa Kichaga, amekuwa mtani wako tangu lini? Wangu si mtani. Lakini msibani alikuja na mama yake, siku tatu anabeba ndoo za maji, na hakuna aliyemwomba."

Bibi akainuka, akajifunga kanga vizuri.

"Nasma, shuka. Na wewe Tarsis, baba, shuka. Twendeni nyumbani tukale."

Nasma alivua beji ya ukiranja, akaiacha mkekani. Tarsis alikuwa ameshatangulia kumshika bibi mkono.