Lenzi Kwenye Kichanja cha Vyombo

Kazini walimwita Mama Nyigu, ingawa hakuwa amezaa wala hakuwahi kufuga nyigu. Alikuwa fundi wa kuchonga vioo katika duka la miwani, na Jumapili zake zote ziliishia uani au kwenye kuta za nyumba zilizotelekezwa, kapiga magoti, kamera usoni, akipiga picha wadudu: nyigu wakijenga, siafu wakivuka njia, buibui akimviringisha nzi kama mtu anayefunga kifurushi cha posta. Hakuuza hata picha moja. Alizibandika ukutani, nyingine akamtumia dada yake, ambaye jibu lake lilikuwa lile lile: "Jamani, nitolee hilo dude kwenye simu yangu."

Kamera, na hasa lenzi yake ya kupigia vitu vidogo, aliipata kwa kujinyima. Ndiyo maana wakala wa bima alipopita dukani na mkoba wake, alimsikiliza. Alikuwa bwana mchangamfu mwenye neno moja mdomoni.

"Ikiibiwa?"

"Usijali."

"Ikivunjika?"

"Usijali, dada. Hata ikitumbukia kisimani, sisi tupo."

Wenzake dukani wakambatiza Bwana Usijali papo hapo. Mama Nyigu akaikatia kamera bima, ya wizi na ya uharibifu, akalala usingizi mzuri.

Nyumbani aliishi na mumewe, fundi umeme, pamoja na mama mkwe. Mama mkwe alikuja kutembea. Alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, akaambiwa akae kwa mwanawe mpaka jicho lipone. Jicho likapona, likawa kali kuliko la mtu yeyote humo ndani. Liliona tone la mafuta nyuma ya jiko. Liliona vumbi juu ya mlango. Hakuna aliyemuuliza atarudi kwake lini. Mume wa Mama Nyigu akiguswa tu na swali hilo, alikumbuka ghafla kwamba kuna swichi ya mtu inatoa cheche mtaa wa pili.

Jumamosi moja asubuhi Mama Nyigu alirudi kutoka kiwanja cha jirani, ambako mchwa walikuwa wametoboa kifusi, na lenzi ilijaa vumbi jekundu. Aliichomoa kwenye kamera akaiweka juu ya meza ya jikoni, aje aisafishe taratibu kwa brashi yake. Simu ikaita kutoka dukani: mteja kakalia miwani yake, ana safari, hasikii la mtu. Akatoka mbio.

Aliporudi meza ilikuwa inang'aa. Lenzi ilikuwa kwenye kichanja cha vyombo, katikati ya vikombe, imeinamishwa mdomo chini ichuruzike maji.

Aliinyanyua. Ndani ya kioo maji yalicheza huku na huku, na nyuma yake ukungu ulikuwa umetanda.

"Mama, nani kaosha hii?"

"Si mimi!" alijibu mama mkwe kwa fahari, akimaanisha ni yeye. "Ilikuwa inatia huruma. Nimeiosha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, kama wewe unavyoosha miwani yako hapo kwenye sinki. Ila huku nyuma kuna vidoa vya njano vimenishinda. Nimesugua kwa steli waya, vingine vimekubali."

Vile vidoa vilikuwa njia za umeme, ambazo kwazo lenzi huongea na kamera.

Angekuwa kafanya kwa ubaya, Mama Nyigu angejua la kusema. Lakini mfano ulikuwa wake mwenyewe. Kila asubuhi aliosha miwani yake pale pale, mbele ya macho yale yale. Aliingia bafuni, akafungua bomba ili asisikike, akang'ata taulo.

Jumatatu alikwenda ofisi ya bima na lenzi kwenye mfuko wa nailoni. Mhudumu wa kaunta, msichana mwenye sauti laini, aliitazama kama anayetazama samaki aliyelala nje ya friji.

"Pole sana, dada. Aliyeharibu ni nani?"

"Mama mkwe wangu."

"Anakaa kwenu, au ni mgeni?"

"Kwani kuna tofauti gani?"

"Kubwa tu. Kitu kikiharibiwa na mgeni tunalipa. Kikiharibiwa na mtu anayekaa nyumbani, hicho hakimo kwenye bima."

"Bwana Us... wakala wenu aliniambia hata ikitumbukia kisimani."

"Cha kisimani kimo," alisema msichana. "Mradi asiitumbukize mtu wa nyumbani."

Wakakubaliana kwamba mkaguzi atakuja nyumbani kuona. Nje, kwenye ngazi, Mama Nyigu alimpigia wakala.

"Usijali, dada! Sema ni mgeni. Neno moja tu. Nani atakwenda kuhesabu miswaki?"

Jioni alimweleza mumewe. Mumewe alikuna kichwa. "Kwani uongo? Si alikuja kutembea?"

"Basi mwambie wewe. Mwambie mkaguzi akija, aseme yeye ni mgeni hapa."

"Mimi nimwambie mama yangu kwamba ni mgeni kwangu?"

"Unataka nimwambie mimi, mkwe? Yaani mke ndiye amtangazie mama mtu kwamba hapa si kwake? Ukoo wako wote utakuja na mabasi."

"Nitamwambia kesho," alisema mumewe. Kesho yake alipata kazi ya kuvuta waya kwenye jengo jipya, na keshokutwa kazi ikawa haijaisha. Mama Nyigu alikuwa akisaga vioo dukani huku meno yake nayo yakisagana.

Walichosahau wote wawili ni kwamba kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba, na kwamba aliyepona jicho hakuwahi kuumwa sikio.

Siku mkaguzi alipokuja, Mama Nyigu alitoka chumbani akamkuta mama mkwe sebuleni kavaa nguo za safari, viatu miguuni, begi kubwa kalipakata. Shanga alizovalia misibani na harusini tu zilikuwa shingoni.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Mimi ni mgeni," alijibu bila kumtazama. "Nimepita kuwasalimu."

Hapakuwa na muda wa kusema lolote. Mkaguzi alikwisha piga hodi. Alikuwa mtu wa makamo aliyechoka, tai imelegea, akamsalimu mama shikamoo kwa adabu. Mumewe, ambaye siku hiyo alikosa swichi ya kukimbilia, akasimama karibu na dirisha kama mtu anayesubiri hukumu.

"Mimi mgeni tu, mwanangu," mama mkwe alianza kabla hajaulizwa. "Hata choo chao sikijui kiko wapi. Ile siku niliingia jikoni kwa kupotea."

Mkaguzi akakohoa. Mama Nyigu alitamani sakafu ipasuke. Mkaguzi akaipiga picha lenzi, akaitikisa, akasikiliza maji, kisha Mama Nyigu akamletea chai, naye akatafuta pa kukaa aandike.

"Hapo usikae, baba," alisema mama mkwe haraka. "Hapo ni pangu, springi ya kochi imechomoza, mimi ndiye ninayeijua. Kaa kule. Na hiyo chai usinywe bado, sukari ya huyu binti huwa haikorogwi."

Mumewe akafumba macho.

Mkaguzi alishusha kalamu. "Mama," aliuliza polepole, "umekaa hapa tangu lini?"

Mama mkwe alimgeukia mkwewe. Mwanamke yule aliyeamuru sufuria ipi ipikiwe nini, ambaye hakuwahi kuomba ruhusa ya kuhamisha kabati, sasa alikuwa anamtazama kama mwanafunzi aliyesahau jibu, akisubiri aambiwe yeye ni nani katika nyumba ile. Na Mama Nyigu alipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka. Hasira kwa wakala, kwa kaunta, kwa mumewe dirishani, kwa lenzi yenyewe. Kwa mama pia, kwa kumtazama vile.

"Anakaa hapa," alisema. "Andika. Anakaa hapa, chumba chake ni kile, na lenzi kaiosha yeye."

Mkaguzi akaandika. Alipoondoka, chai yake alikuwa ameikoroga na kuimaliza.

Jibu la bima lilikuja kama ilivyotarajiwa: hawalipi. Mama Nyigu alirudi kaunta, safari hii bila mfuko.

"Hebu nieleweshe," alimwambia msichana. "Mwizi akiniibia, mnalipa?"

"Tunalipa."

"Mgeni mlevi akiikalia?"

"Tunalipa."

"Ila mtu wa nyumbani akinioshea vyombo, hamlipi."

"Ndiyo, dada. Ila bima yako bado iko hai," alisema msichana kwa ile sauti yake laini. "Utaendelea nayo?"

"Bima iko hai, kilichokatiwa bima kimekufa! Niendelee na nini?" Watu kwenye foleni waligeuka. Alitaka kuongeza jingine lakini maneno yalimwishia, akatoka na kuusukuma mlango ambao ulipaswa kuvutwa. Bwana Usijali alimpigia mara moja tu, naye hakupokea.

Nyumbani begi lilikuwa bado limesimama nyuma ya mlango wa chumba cha mama mkwe, zipu imefungwa. Mama Nyigu alilitazama, kisha akamtazama mwenyewe aliyekaa kitandani.

"Mama, toa hizo nguo. Zitakunjamana."

"Ungesema mimi ni mgeni ungelipwa."

"Ningelipwa."

"Mbona hukusema?"

"Kwani ningesema, ungeondoka?"

Mama mkwe alifikiri kwa uaminifu. "Nisingeondoka."

"Sasa?"

Mama mkwe akalivuta begi, akaanza kutoa kanga moja moja.

"Ukinunua nyingine utaiweka wapi?"

"Kabatini. Na ufunguo nitakaa nao mimi."

"Vizuri," alisema mama mkwe, akikung'uta kanga ambayo haikuwa na vumbi lolote. "Ufiche vizuri lakini. Mimi nikiona kitu kina vumbi, huwa siwezi."