Ulimi wa Shangazi

"Komeo!" Mama Wakili alifoka, ndoo ya maziwa ikimning'inia mkononi. "Nimeliomba komeo tangu mahindi yakiwa urefu wa kidole. Leo mahindi yamenipita kichwa, komeo sijaliona. Nyumba ngapi huko barabarani zina milango uliyoitengeneza wewe, Baba Wakili? Lakini zizi letu unalifunga kwa kamba ya kiatu!"

"Si kamba ya kiatu, ni katani," alisema mumewe, fundi seremala mwenye penseli sikioni tangu alfajiri. "Nami nauliza kwa mara ya tatu: nani alitia molasi kwenye rangi?"

"Usinihamishie mada."

"Mada ni hiyohiyo. Kwa harufu ile Shangazi angeng'oa hata mlango wa benki."

Shangazi alikuwa ng'ombe. Jina alipewa na watoto, kwa sababu haalikwi na anafika, na akifika anakula kwanza ndipo aangalie nani yupo. Wakati huo alikuwa amesimama katikati ya ua, ulimi ukizunguka puani, mdomo wote rangi ya matofali, wala hana habari.

Nyuma yake, imeegemezwa ukutani kwenye kibanda cha majani makavu, ndiyo ilikuwa picha. Mita mbili kwa moja na nusu, mashuka mawili meupe yaliyoshonwa pamoja na kuwambwa kwenye fremu. Mama Wakili aliichora msimu mzima, kati ya kukamua na kupalilia, kati ya kupalilia na kupika: yeye, mumewe, mama mkwe wake na mabinti wawili, mbele ya shamba lao la mahindi. Jana jioni watu watano walikuwa pale wakiwa kamili. Asubuhi hii hakuna hata mmoja aliyekuwa na miguu. Baba Wakili, aliyechorwa amechuchumaa akinoa jembe, alikuwa amebaki kofia.

"Nimeliwa," alisema, akiiangalia ile kofia. "Mzima mzima."

"Angalau wewe hukuumia," alisema Bibi, mama yake, kutoka kwenye kigoda chake mlangoni mwa jikoni. "Mimi nimekatwa kiunoni. Halafu mtu ana stashahada ya mifugo! Miaka miwili chuoni, na hakuna aliyemwambia kwamba ng'ombe anapenda molasi?"

Hilo lilimchoma Mama Wakili, kwa sababu lilikuwa kweli. Hata mtihani wa molasi aliufanya, akapata alama za juu. Lakini wakati anaitia kwenye rangi hakuwa mtu wa mifugo, alikuwa mchoraji mwenye shida. Rangi zake zote zilitoka hapohapo shambani: udongo mwekundu wa kichuguu, udongo wa manjano uliotoka walipochimba kisima, majivu ya jikoni, mkaa uliosagwa. Gundi yake ilikuwa uji mzito wa unga. Tabaka la kwanza, la manjano, lilishika vizuri likakauka kama mfupa. Tabaka la juu likawa linabanduka kama magamba ya samaki. Akajaribu uji mzito zaidi, wapi. Akachota kikombe kimoja cha molasi, ile shira nyeusi ya miwa, kwenye pipa la chakula cha ng'ombe, akakoroga, rangi ikatulia kama iliyozaliwa pale. Alifurahi hadi akaimba. Kunusa hakunusa.

"Mkutubi anakuja saa nne," alisema, sauti imeshuka. "Maktaba mpya inafunguliwa rasmi leo saa nane mchana. Ukuta wa mbele uko mtupu, unanisubiri mimi. Picha isipofika, wanatundika ile ya dukani yenye maporomoko ya maji. Wameshainunua, iko stoo. Nani atakuja kuniuliza tena?"

Hapo hakuna aliyetania. Nyumba nzima ilijua. Miaka sita alikuwa anachora nyuma ya zizi, na picha zake zimeonwa na familia, majirani na daktari wa mifugo. Huu ulikuwa ukuta wa kwanza.

"Mpe yale maua," alisema Baba Wakili kwa upole. "Yapo sebuleni, mazima, yana kioo."

"Maua saba kwenye jagi, yamesimama kama askari kwenye gwaride. Yale nilichora nikiwa sijui kitu. Nisipite mbele ya maktaba maisha yangu yote?"

"Ni bora kuliko watu wasio na miguu."

Mama Wakili aliiweka ndoo chini, akachukua kitambaa chenye maji, akaenda kufuta mate ya Shangazi angalau aone hasara imefika wapi. Nyuma yake alimsikia mumewe akitoka nje ya ua na simu sikioni. Hakujali. Alipiga magoti, akafuta kona moja. Akafuta nyingine. Kisha akasimama, akarudi nyuma hatua tatu, na kitambaa kikamdondoka.

Ulimi wa ng'ombe una meno yake. Ule wa Shangazi ulikuwa umekwangua tabaka la juu peke yake, lile tamu, na kuliacha la manjano chini bila hata mkwaruzo. Alama zake zilikuwa pana kama vidole vinne, zimeanzia chini zikapanda, zikajipinda zote upande mmoja, na ndani ya kila alama kulikuwa na mistari myembamba ya rangi iliyobaki, mamia, kama mishipa ya jani. Shangazi alikuwa amechora mahindi. Si mahindi yaliyosimama. Mahindi yanayopigwa na upepo.

Upepo ule Mama Wakili alikuwa ameutafuta msimu mzima. Aliutafuta kwa brashi, kwa ufagio, kwa kitana, kwa gunzi, kwa mswaki wa mumewe, na mume akauliza mswaki wangu uko wapi kwa wiki nzima.

"Baba Wakili! Njoo hapa!"

"Kama ni komeo..."

"Achana na komeo! Njoo, njooni wote!"

Walikuja. Bibi alichelewa kwa sababu ya magoti, lakini alikuja. Walisimama mstari mmoja kama wanaopigwa picha.

"Ni mate," alisema Bibi. Akakodoa macho. Akasogea. "Ngoja. Yanalala kuelekea kisimani."

"Ndiyo, Mama!"

"Upepo wa hapa unapiga hivyohivyo. Unatoka barabarani unakwenda kisimani. Nimekaa hapa miaka arobaini, naujua."

"Na Baba yuko ndani!" alipiga kelele Kifungo, binti mdogo wa miaka mitano, aliyepata jina hilo siku alipomeza kifungo cha koti. "Baba yuko ndani ya mahindi, kofia tu inaonekana!"

Baba Wakili aliitazama kofia yake upya, ikielea juu ya manjano yale yanayokimbia. Akaivua ile ya kichwani, akailinganisha. "Hapo," alisema taratibu, "kweli ni mimi."

Aliyeharibu furaha alikuwa Wakili, binti mkubwa, miaka kumi na tatu, ambaye hajawahi kushindwa kesi tangu ajue kusema. "Mama, samahani. Chini pameliwa, juu hapajaliwa. Ukiangalia mara moja unajua ni ajali. Mbingu yako imenyooka kama ukuta uliopigwa plasta. Upepo gani unapita chini tu?"

Mama Wakili aliangalia juu ya picha. Anga la majivu na mkaa, laini, limekaa kimya. Binti alikuwa sahihi.

"Basi na juu paliwe," alisema.

"Mama Wakili," alisema mumewe, "una homa?"

"Saa ngapi sasa?"

"Saa tatu na robo. Lakini zile ni sura zetu pale! Akila sura?"

"Atakula anapoonyeshwa. Molasi ndiyo itamwonyesha. Wakili, lete kikombe cha molasi na maji ya uvuguvugu. Kifungo, vifuniko vya sufuria, vyote."

"Ng'ombe hataumwa?" aliuliza Wakili.

"Ale nini cha kumuumiza? Udongo, majivu, unga, mkaa. Jiwe lake la madini halina tofauti kubwa. Hilo nalo nilifaulu, kama kuna mtu bado anaihesabu stashahada yangu." Alimtupia Bibi jicho. Bibi akatazama kuku.

"Na hafiki huko juu," alisema Baba Wakili, ambaye tayari alikuwa amekunja mikono ya shati. "Ng'ombe hatazami mbinguni."

"Ndiyo maana utaigeuza kichwa chini."

Waliigeuza. Familia nzima ikawa imening'inia kama popo, mbingu ikagusa nyasi. Mama Wakili alichovya brashi kwenye molasi, akavuta pumzi, akaanza. Alichora mistari mirefu ambayo karibu haionekani, maji ya kahawia juu ya kijivu, kutoka barabarani kwenda kisimani. Akiwa anachora aliiona tayari, yote, kana kwamba imeshatundikwa. Miaka sita hakuwahi kuona picha hivyo kabla haijawa.

"Kila mtu na sura yake!" aliamuru. "Funikeni!"

Bibi alishika kifuniko cha sufuria ya maharage juu ya Bibi wa kwenye picha. Wakili cha ugali. Kifungo, ambaye hakufika, alisimama juu ya debe na kifuniko cha birika. Cha maziwa Mama Wakili alikibana kwa mkono wa kushoto juu ya uso wake mwenyewe. Baba Wakili alishika fremu kwa mikono miwili na kuikinga kofia yake kwa paji la uso.

"Mleteni Shangazi."

Hakuna aliyehitaji kumleta. Alikuwa amekwisha kujileta, masikio mbele, na hakatai sahani ya pili.

Shwaa. Ulimi ulipita kama msasa kwenye ubao, na nyuma yake mbingu ikapasuka ikawa ya manjano.

"Huyo!" alipiga kelele Mama Wakili. "Huyo, huyo, mwacheni!"

Shwaa, shwaa.

"Anasukuma!" alilia Baba Wakili, miguu ikiteleza. "Huyu ana nguvu kuliko trekta!"

"Wee Shangazi, adabu!" Bibi alikuwa anapigana na pua iliyolowa. "Ondoka usoni kwangu! Mkubwa wako mimi!"

"Kushoto, Mama, tia kushoto! Kushoto pamebaki!" Wakili alikuwa amesahau kabisa kesi yake. Kifungo alicheka hadi debe likayumba, na Mama Wakili akawa anatia molasi, anajinyoosha huku, anatia kule, kifuniko hakiachii, nywele zimefunguka, ulimi wa ng'ombe umemfuta na mkono wa blauzi, naye hasikii.

Honi ililia getini.

"Nimtoe ng'ombe?" mumewe alinong'ona.

"Bado mstari mmoja."

Mkutubi aliingia ua akiwa na faili kwapani. Alikuwa dada mwembamba, mtu wa saa na dakika. Aliona fremu imegeuzwa, watu wanne na vifuniko vya sufuria, ng'ombe anapiga ulimi.

"Hodi," alisema. "Nimekuja kuchukua picha."

"Karibu, mwanangu," alisema Bibi, bila kuachia kifuniko. "Inamaliziwa."

Shangazi alifika mwisho wa mstari wa mwisho, akapumua kwa nguvu, akageuka akaondoka zake. Baba Wakili na Wakili waliipindua picha, miguu chini, au pale ambapo miguu ingekuwa, wakasogea pembeni.

Anga lilikuwa linakimbia. Lilitoka barabarani likapita juu ya vichwa vyao likashuka kisimani, na mahindi chini yalilifuata, na katikati nyuso nne na kofia moja zilikuwa zimetulia tuli, zikitazama mbele. Mkutubi aliangalia muda mrefu. Kisha, kama mtu asiyejua anachofanya, akafunga kifungo cha juu cha koti lake.

Halafu akakohoa. "Lakini baba alinipigia simu asubuhi. Alisema mnatoa maua." Alifungua faili. Kikadi kilikuwa tayari, kimeandikwa kwa mwandiko mzuri: Maua Katika Jagi. "Na hii imelowa. Maua yana kioo, ni rahisi. Kweli, mimi ningependa... lakini uamuzi ni wako, mama. Muda ninao dakika tano."

Mama Wakili alimgeukia mumewe. Penseli ilimdondoka sikioni.

"Nilikuwa nakuokoa," alisema.

"Najua. Nenda kayalete hayo maua."

Alikwenda. Alirudi nayo amekumbatia, uso umemshuka. Mama Wakili aliyapokea, akatembea moja kwa moja hadi kwenye pikapu ya mkutubi, akayalaza kifudifudi nyuma kwenye bodi, akatandika magunia mawili juu yake.

"Hicho ni kitanda," alisema. "Picha italala hapo, uso juu, ikauke njiani. Naomba kalamu."

Alikata maneno ya kikadi kwa mstari mmoja, akaandika chini yake: Upepo Shambani. Penye mchoraji akaandika: Mama Wakili na Shangazi. Mkutubi alisoma, akalirudisha faili kwapani.

"Wakili, shika upande huo. Kifungo, panda mbele na Bibi. Baba Wakili, kamba!"

Baba Wakili alizungusha macho mara moja tu. Akaenda zizini, akachomoa ile katani mlangoni, akaifunga picha kwenye bodi kwa mafundo matatu ya kifundi, akaruka ndani akakaa kando ya mkewe. Shangazi alikuwa amelala katikati ya ua, ameshiba.

"Na mlango?" aliuliza Mama Wakili.

"Uko wazi."

"Sawa," alisema, akagonga paa la pikapu mara mbili, na gari likaondoka.