Pijo ya Baba Twaha

Mjukuu wangu, umewahi kusikia injini ikikohoa, ukajua ugonjwa wake, halafu ukanyamaza kwa sababu mwenye gari ni mume wako?

Mi nimenyamaza hivyo miaka arobaini na moja. Baba yangu, mzee Matata, alikuwa fundi wa magari Muyinga. Nilisoma mpaka darasa la sita, na saa zote zingine nilikuwa garajini nikimpa spana. Lakini hapa Gitega mpenda magari anayejulikana ni Amissi, babu yako. Pijo yake 404, rangi ya maziwa, anaiosha kila Ijumaa na kupangusa hadi vifungo vya viti. Ukikaa naye utasikia: "Gari ya zamani inakuambia inaumwa wapi. Hizi za sasa zinawasha taa ndogo tu, halafu zinanuna."

Siku ile simu ilipigwa saa nne asubuhi. Dada yake babu yako, Farida, amefariki Muyinga, anazikwa baada ya alasiri. Mwanamke anashushwa kaburini na mtu wa damu yake, na Farida hakuacha mume wala mtoto. Alikuwa na Amissi tu. Basi za abiria zilikuwa zimesimama, mafuta hakuna wiki ya tatu. Sisi tulikuwa na bido moja, dumu la petroli lililopitishwa kutoka upande wa Tanzania. Amissi akalimimina lote kwa haraka, akalitupa bido nyuma, tukaondoka.

Karuzi tulipita vizuri. Kwenye mlima kabla ya Gashoho gari ikakohoa, ikazima. Saa nane na robo.

"Ni kabureta," akasema, jasho linamtoka. "Nilijua tu."

Haikuwa kabureta. Gari ilififia polepole, kama taa inayokaukiwa mafuta. Nikachukua lile bido tupu, nikalinusa. Mawese! Aliyetuuzia alimaliza mawese, akatia petroli bila kuosha. Na baridi yetu ya Gitega inagandisha mawese, yakaziba njia ya petroli.

"Baba Twaha, fungua kichungi."

"We Mama Twaha, hii gari unaijua kuliko mi?"

"Farida anasubiri."

Akasogea pembeni. Nikafungua kapo ya injini mwenyewe, nikakizungusha kikombe cha kioo cha kichungi, nikatoa wavu. Ulikuwa mwekundu, mzito, kama umetoka sufuriani. Nikausuuza kwa petroli iliyokuwa kikombeni, nikaupangusa kwa ncha ya kitenge. Amissi akajaribu, gari ikawaka mara ya pili.

"Unaona?" akasema Amissi. "Gari ya zamani haifi."

Nikafunga kapo, nikapanda.

Tukashuka mlima mbio. Mbele kulikuwa na mtu wa baiskeli, amefunga mikungu minne ya ndizi, yuko katikati ya barabara. Nikangoja Amissi apunguze. Hakupunguza. Nikangoja tena. Nikaukamata usukani, nikauvuta. Ndizi zikakwaruza mlango, yule mtu akatutukana kwa Kirundi mpaka mama zetu.

Gari ikasimama. Amissi akavuta breki ya mkono.

"Nilimwona," akasema.

"Alivaa nguo ya rangi gani?"

Akauachia usukani. Akafungua mlango, akazunguka mbele ya gari akiipapasa kwa mkono, akakaa upande wangu, nami nikasogea kwenye usukani. "Leo tu," akasema. "Na usimwambie mtu."

Gia ya 404 iko kwenye usukani. Mkono wangu uliikumbuka, tangu garaji ya baba, kabla ya kichwa. Niliendesha bila kupepesa macho, yeye ameisogeza saa hadi puani, anahesabu dakika kwa sauti, na kila aliponiambia saa nilikanyaga zaidi.

Tulifika makaburini jeneza limeshawekwa kando ya kaburi, wanaume wamesimama wanatazama barabara. Amissi akakimbia. Nikamwona akishuka kaburini, akinyoosha mikono kumpokea dada yake. Mi nilibaki garini, nikalia.

Alirudi na udongo hadi viwikoni. Nyuma yake alikuja Rehmtulla, mwenye duka jirani na kwa Farida.

"Amissi, siku hizi uko na shofa wa kukuendesha!" akasema. Watu wakacheka kidogo.

Amissi akaja mlangoni kwangu. "Sogea, Mama Twaha. Watu wanaangalia."

Nikaona macho yake, yana ukungu mweupe, yanatafuta uso wangu pembeni ya pale ulipo.

"Sisogei," nikasema. "Nataka kuendesha mimi. Si leo tu, kila siku. Nilitaka kabla hujaniposa. We kaa hapa pembeni, unihadithie magari."